Mjohoro wa Baba na Nyumba ya Mama pale Usagara

Katika kazi ya miti na nyumba hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila kuona haya, maana nimepanda miti mingi kuliko watu wengi walivyoiona, na nimetazama kuta zikipasuka kuanzia Nyakato mpaka ndani kabisa ya Misungwi. Shule niliishia darasa la tano. Yaliyobaki nilifundishwa na jembe, na kwa jembe hilohilo nikajenga, nikaoa, nikasomesha watoto, nikafungua kitalu cha miche pale Buzuruga ambako hata wakubwa wenye magari ya vioo vyeusi walisimama na kushuka wenyewe. Kwa hiyo vijana wangu mnaokiendesha kitalu sasa, mkiona najisifu, vumilieni. Nyie mnajisifia simu.

Mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi enzi zetu, na mimi siwezi kuandika hayo nikaiacha nyumba ya mama. Mama yangu ana nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma pale Usagara, na ameshasema mara nyingi kwamba hatoki humo mpaka abebwe. Mwaka juzi nyumba ile ikaanza kupasuka. Haya yote nitakayoeleza, tangu siku ya kwanza kazini, ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku niliposimama mbele ya ule ufa, nikijua kwamba nikikosea, mama atatolewa kwake akiwa hai.

Siku ya kwanza kazini nilifika na jembe la nyumbani begani, kwenye kiwanda kimoja cha Nyakato. Mlinzi alinicheka, akaniuliza kama nimekuja kulima pamba. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, na bustani zake zote zilikuwa chini ya mtu tuliyemwita Mnyapara. Alikuwa Mjita wa upande wa Musoma, mfupi, mkavu, na akishika hasira au akishangaa kila l yake iligeuka r. Sisi Wasukuma tulimcheka kwa siri kwa "koreo" yake. Yeye alitucheka hadharani kwa "sululu" na "balabala" zetu.

Nilitegemea anipe mche nipande. Akanipa ndoo. Akanituma nilete udongo kutoka kila pembe ya uwanja, nisichanganye. Nikauleta, akaumwagia maji kidogo, akaanza kuufinyanga kama mwanamke anayefinyanga chungu. Udongo wa kwanza ulikuwa luseni, ule mchanga wetu wa vilimani, ukamwagika mkononi. Wa mwisho ulikuwa mweusi. Ule aliuviringisha ukawa kamba, akaikunja kamba ikawa pete, na pete haikukatika. Akanivisha kidoleni.

"Umeoa," akaniambia. "Huyu anaitwa mbuga. Ukimwelewa huyu, hutakosa kazi mpaka uzee."

Basi nami nawavisha pete hiyohiyo. Udongo wa mbuga ukinyeshewa unavimba, na kiangazi kikifika unanywea mpaka ardhi inafunguka nyufa za kumeza kandambili. Nyumba iliyojengwa juu yake imekaa mgongoni mwa kitu kinachopumua. Kama kinapumua sawasawa pande zote, nyumba inapanda na kushuka taratibu, haina neno. Taabu huja pale upande mmoja unapokauka kuliko mwingine, na anayekausha upande mmoja mara nyingi ni mti.

Hapa watu wengi hukosea. Wanadhani mzizi unausukuma ukuta kama fahali. Hutokea, hasa kwa sakafu nyepesi na kuta za uzio, lakini mara nyingi zaidi mzizi haugusi kitu. Unakunywa tu. Unakunywa maji ya chini ya msingi, udongo unanywea, msingi wa upande ule unakosa pa kukalia, kona inashuka, na ukuta unapasuka kwa mshazari kuanzia pembe ya dirisha. Mkiona ufa wa mshazari ambao juu ni mpana na chini ni mwembamba, halafu unapanuka kiangazi na kujifunga wakati wa mvua, msiite fundi wa lipu kwanza. Tazameni nje kuna mti gani.

Kanuni ya Mnyapara ilikuwa rahisi, na sijaona bora zaidi. Uliza mti utakuwa na kimo gani ukizeeka, ndicho kiwe kipimo chako kutoka ukutani. Kama ni mnywaji, yaani mkaratusi, mkuyu au mjohoro, na umesimama kwenye mbuga, ongeza nusu ya kimo hicho. Karibu na nyumba weka mpapai, mlimau, mkomamanga, maua. Usipande juu ya bomba wala karibu na chemba ya choo, kwa sababu mzizi hunusa maji kuliko mbwa anavyonusa mfupa.

Nakumbuka Meneja Utawala wa kile kiwanda alikuja mwenyewe akiwa na miche ya mikaratusi kwenye buti la gari. Aliitaka iwe mstari mmoja chini ya madirisha ya nyumba yake. Mnyapara akamwuliza haraka ya nini.

"Nataka kivuli kabla sijahamishwa," Meneja akasema.

"Kivuri utapata, mheshimiwa," Mnyapara akajibu. "Ira nyumba ndiyo itahamishwa kwanza."

Tulitazama chini tusicheke. Aliyecheka alikuwa Meneja, na mikaratusi ikapandwa kule mwisho wa uzio, ambako mpaka leo haijamdhuru mtu.

Kutoka Nyakato nilichukuliwa na masista waliokuwa na makao ufukweni mwa ziwa. Kule ardhi ni mchanga na mawe, haivimbi wala hainywei, nikadhani nimepewa likizo. Sista Mkuu akanionyesha ukuta wa jiko ulioshuka kona. Nikajitapa palepale, nikamwambia ni mti, nikaunyooshea kidole mti uliokuwa karibu. Sista Mkuu alikuwa amewahi kuwa muuguzi, mtu mpole lakini macho yake yanakushika. Akaniambia, "Kulwa, mgonjwa akija simwulizi anaumwa nini tu. Namwuliza kitu gani kimebadilika. Mti huu ulikuwepo kabla yangu. Nini kimebadilika hapa?"

Nikazunguka nyumba nikiwa na lile swali. Kumbe walikuwa wameng'oa bomba la kushushia maji ya paa walipopaka rangi, hawakulirudisha, na mvua yote ilikuwa inachimba mchanga chini ya ile kona. Tukarudisha bomba, tukashindilia mawe na zege, mti ukanusurika na lawama zangu. Tangu siku hiyo sijaingia kwenye nyumba yoyote yenye ufa bila kuuliza swali la Sista Mkuu, na wateja wamelisifia kana kwamba nimelitunga mimi. Sijawakatalia.

Baadaye nikafungua kitalu changu Buzuruga. Nilianza na viriba vya kuhesabika na debe la kumwagilia lililotoboka, nikamaliza nikiwa na watu wa kuwaamuru. Nilikuwa muuza miche pekee niliyemjua anayekataa pesa. Mtu akitaka mkuyu nami najua kiwanja chake ni cha kugeuza baiskeli kwa shida, namwuzia mpera. Wengine walinuna. Waliorudi miaka iliyofuata walirudi na maandazi.

Sasa nyumba ya mama.

Niliijenga nikiwa bado kijana wa Nyakato, kwa mshahara wa mtu wa koleo. Baba alikuwa ameshafariki. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na mimi na pacha wangu Doto tulikuwa bado wadogo alipotuacha. Kitu alichoacha pale kiwanjani kilikuwa mjohoro alioupanda mwenyewe, ambao alipenda kuuegemezea baiskeli jioni akirudi kazini. Mama akasema nyumba nimjengee, lakini akifungua dirisha la chumbani auone mti. Nikamweleza mbuga, nikamweleza kimo na nusu. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi hiyo ya mbali kajenge kwako."

Nikajenga palepale, hatua chache tu kutoka shinani. Nilichimba msingi kwa hasira, ukaenda chini kuliko wa nyumba yoyote ya jirani, nikausuka kwa mawe na nondo. Na ile nyumba ikakaa. Viangazi vikaja na kupita, mjohoro ukawa mkubwa ukalifunika paa, na ukuta haukupata hata unywele wa ufa. Nikaanza kuwaleta wateja waone msingi wa Kulwa. Mnyapara mwenyewe, alipostaafu, nilimleta. Alizunguka nyumba polepole, akaupiga ukuta kwa kifundo cha kidole, akautazama mti, akautazama tena ukuta.

"Sierewi," akasema. "Hii irikuwa iwe imepasuka zamani."

Hiyo niliichukua kama cheti, maana vingine sina.

Mama miaka yote hiyo aliosha vyombo nje. Alichuchumaa kati ya ukuta na mjohoro, na beseni lake la bati, mgongo kwenye ukuta na uso kwenye mti. Huko ndiko alikofua, ndiko alikoosha mboga, ndiko alikowaogesha wajukuu. Mgongo ukaanza kumsumbua. Mimi mtu niliyejitengeneza kwa mikono yangu ningewezaje kukubali mama yangu achuchumae? Nikaleta tanki, nikavuta maji mpaka ndani, nikamwekea jikoni sinki jeupe linalong'aa lenye bomba la kugeuza huku na huku. Maji machafu niliyapitisha kwenye bomba la chini kwa chini mpaka kwenye shimo mbali nyuma ya nyumba, kama kazi inavyotaka, yasikae karibu na msingi. Mama alinishukuru, akanichinjia kuku. Lile beseni la bati nikalichukua, nikalipeleka kitaluni, nikapanda maua ndani yake.

Haukupita muda mrefu, Doto akanipigia simu kiangazi kimekolea. Doto ana duka la vitenge Buzuruga, na kwa kuwa alizaliwa nyuma yangu, amekula kiapo cha kunishusha. Nilipofika Usagara nikamkuta mlangoni.

"Karibu, fundi," akaniambia. "Mwanza nzima wanakuita, na nyumba ya mama inakushinda."

Ufa ulikuwa chumbani kwa mama, umeanzia pembe ya dirisha lile la mjohoro ukashuka kwa mshazari. Kidole kiliingia. Mlango ulikuwa umegoma kufunga. Nikachukua kipande cha kioo chembamba, nikakigandisha kwa saruji juu ya ufa, nusu upande huu na nusu upande ule. Hiki ndicho kipimo chetu. Kioo kikibaki kizima, ukuta umetulia, ni kidonda cha zamani. Kikikatika, ukuta bado unatembea. Niliporudi kukitazama nilikuta kimekatika katikati.

Doto alikuwa ameshaamua. Alimwandalia mama chumba nyuma ya duka lake, na alikuwa amemwita mtu mwenye msumeno wa mashine aje auangushe mjohoro. Simlaumu, alikuwa halali akimfikiria mama chini ya ukuta ule. Lakini ilibidi nimkatalie msumeno, na sababu muishike vizuri nyie mnaobaki na kazi. Mti mkubwa uliokunywa maji ya mbuga miaka na miaka ukiukata kwa mara moja, yale maji hayana tena wa kuyanywa. Udongo uliokauka unayapokea yote, unavimba, na nyumba iliyokuwa inashuka inaanza kunyanyuliwa. Nimeona sakafu ikipanda mpaka kabati likakataa kufunguka. Unaweza kuua mti ili kuokoa nyumba, ukaishia kuzika vyote viwili.

"Kwa hiyo tufanye nini?" Doto akauliza. "Tumwache mama alale humo tusubiri ukuta uamue?"

Nawaambieni ukweli, mimi Kulwa nilianza kuhesabu hatua kutoka ukutani mpaka shinani, kana kwamba zingeongezeka.

Tulipoingia ndani mama alikuwa ameketi kitandani na furushi lake la kanga limefungwa. Hakuwa analia. Alikuwa amejitanda vizuri kama mtu anayesubiri basi.

"Nimewasikia," akasema. "Kama lazima mmoja aondoke, nitaondoka mimi. Yeye hana miguu."

Doto akageukia ukutani. Mimi nikashika ile kazi yangu. Nikalitoa swali la Sista Mkuu. Nikamwuliza mama ni kitu gani kimebadilika hapa tangu ukuta ulipokuwa mzima. Akasema hakuna. Nikamwuliza kama jirani amechimba kisima, akasema hapana. Bomba limevuja, hapana. Akafikiri, akaanza kupapasa lile furushi.

"Labda kwamba mzee hanywi tena," akasema.

"Mzee yupi, mama?"

"Baba yenu. Nilikuwa nikimaliza vyombo namnywesha. Tangu uniletee sinki hajanywa."

Nilitoka nje bila kuaga. Nikapiga goti pale kati ya ukuta na mjohoro, mahali alipozoea kuchuchumaa, ardhi imefunguka, nikaingiza mkono ukapotea mpaka kifundo. Ndipo nikaona miaka yote imepangwa mbele yangu. Maji ya vyombo, maji ya nguo, maji ya mchicha, maji ya watoto, kiangazi na masika, yalimwagwa polepole palepale na mtu aliyekuwa anazungumza na mumewe. Mti ulikunywa beseni la mama, ukaacha maji ya chini ya msingi. Mbuga haikukauka upande ule hata mara moja. Wateja wangu wote niliowaleta waone msingi wa Kulwa walikuwa wanatazama kitu kingine. Msingi bado nasema ni mzuri, chimbeni mkaone, lakini si wenyewe ulioishikilia nyumba.

Doto alinifuata nje, akanikuta nimekaa chini. Nilipomweleza hakunitania. Alikaa karibu nami, jambo ambalo hatujafanya tangu utotoni, akasema tu, "Na mimi nilidhani anaongea peke yake."

Mwenye msumeno tukamrudisha, ila kwanza nikamtumia kupunguza matawi, kama theluthi hivi, si zaidi, kwa sababu mti wenye majani machache hunywa kidogo na ukiukata sana unashtuka. Kisha nikaanza kurudisha maji. Hapa ndipo pa kuwa mpole. Ukimwagia mbuga iliyokauka pipa zima kwa mara moja, inavimba ovyo na kuongeza nyufa. Nililowesha kidogo kidogo, eneo lote kuanzia shinani mpaka ncha za matawi zinapoishia, jioni baada ya jioni, mpaka mvua zikaja kunisaidia. Mama tulimhamishia chumba cha upande wa pili, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikabandika kioo kingine. Mvua zikapita, kiangazi kikarudi tukiwa bado tunamwagia, na kioo kikabaki kizima. Ndipo nikaziba ufa, nikapiga lipu, nikaurekebisha mlango. Mama akarudi kwenye dirisha lake.

Nilitaka kumaliza kitaalamu. Nikamwambia nitageuza bomba la sinki liwe linamwaga kwenye mti lenyewe, asisumbuke tena.

"Na hilo bomba litamwambia nini?" akaniuliza.

Nikaliacha bomba lilivyo.

Mimi kazi nimeiacha kwa sababu ya magoti. Fundi miti asiyeweza kuchuchumaa ni mapambo. Nimehamia Usagara, kwangu na kwa mama ni pua na mdomo, na jioni huwa nakwenda. Yeye anaosha vyombo ameketi kwenye kiti kifupi nilichompigia mwenyewe, mimi nabeba na kumwaga. Akimaliza anasema, "Kunywa, baba Kulwa." Doto akija Jumapili analalamika kwamba baba siku zote alikuwa baba Kulwa, hakuna aliyewahi kumwita baba Doto, na mama anamwambia basi na wewe mwite. Mwanzoni mimi nilikuwa namwaga kimya, mtu mzima kuongea na mti niliona aibu. Siku hizi, mama akishaingia ndani, namweleza habari za kitalu, miche iliyouzwa, vijana walivyo wavivu. Namweleza pia kwamba mwanawe ndiye fundi bora wa miti kando yote hii ya ziwa. Hajanikatalia bado.

Wateja wa zamani wakipita huniuliza ile nyumba niliiponyaje, na dawa yake iligharimu kiasi gani, huku wameshajiandaa kusikia mamilioni. Lile beseni la bati nililikuta limeoza kitaluni, mizizi ya maua imetoboa kitako, kwa hiyo ilinibidi kununua jingine, la plastiki, la bluu, lile kubwa, pale stendi ya Usagara. Muuzaji alisema elfu saba, nikamkazia kidogo. Nililipa shilingi elfu sita na mia tano.